Mnunuzi wa Velocette

Shamba la Kondoo la Mullet Bay,
Visiwa vya Falkland
20 Februari 1964

Shangazi Ealish mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa na paka hajafa. Mimi sijambo. Juzi tumemaliza kunyoa kondoo, elfu kumi na moja, na mikono yangu imelainika kwa mafuta ya sufu hata kikombe cha chai kinaniponyoka. Upepo ndio uleule. Jana umechukua shati langu kwenye kamba na sijui sasa limehamia nchi gani. Wasalimie wote wa kanisani, na Illiam Cregeen mleta barua umwambie asiisome hii kabla hajakupa.

Sasa, Shangazi, lililonifanya nishike kalamu. Mwezi ujao Baba anatimiza miaka miwili kaburini, na ile pikipiki yake, Velocette, bado imelala bandani kwako. Aliniachia mimi, na kadi yake ya umiliki ninayo huku, lakini mimi niko mwisho wa dunia, na tangu nivunje mguu sina hamu tena na pikipiki. Wewe nawe paa lako linavuja. Naomba uitafutie mnunuzi. Pikipiki ya mwaka 1928 iliyotunzwa vile ina watu wanaoitafuta kwa tochi. Uza, tengeneza paa, wala usinirudishie hata senti moja.

Na usiniambie ule usemi wenu wa huko kwamba wakati upo tele. Nakujua.

Mpwa wako,
Orry


Ballavarran,
Kisiwa cha Man
30 Machi 1964

Mwanangu Orry,

Barua yako ilifika Jumanne. Illiam aliileta mpaka jikoni akaketi kusubiri niifungue, nikampa kipande cha mkate wa bonnag na kumwonyesha mlango. Goti limepoa. Paka yupo, tena amezaa watoto watano, kizee kama yule, hana haya. Kanisani tumeletewa mhubiri mpya kutoka ng'ambo. Anahubiri dakika kumi na tano tu, na watu wanasema hajui kazi.

Kuhusu pikipiki. Nilifungua banda. Wale wenye mkia mrefu (unajua siwataji, kuwataja ni mkosi) wametafuna kiti upande mmoja, lakini chuma chote ni kizima. Nimeifuta vumbi. Kupata mnunuzi si kazi ya siku moja, ila nikuambie, amejitokeza mama mmoja, si kijana, mtu wa heshima zake, ambaye amevutiwa nayo. Tatizo ni kwamba hajawahi kuendesha chombo chochote ila toroli la bustani. Nimemruhusu aje bandani aijaribu kwanza, maana hakuna mtu anayenunua kiatu bila kukivaa.

Petroli ameweza kuifungua. Kile kikoki hukwama, mpaka ukigonge mara mbili kwa kifundo cha kidole ndipo kinageuka, naye alikigonga. Lakini injini haitaki kuwaka. Anapiga kiki mpaka anaona nyota. Siku moja tu ilijibu, nayo ikamrudishia teke la punda, akatua kwenye ndoo ya makaa. Afanye nini? Nauliza kwa niaba yake.

Mimi mwenyewe nimeteguka kifundo cha mguu. Nilianguka kwenye kigoda nikitungua pazia. Si kitu.

Paa lisikuumize kichwa, nimeweka ndoo.

Shangazi yako,
Ealish


(Barua hii haikutumwa.)

30 Machi 1964

Orry,

Ile nyingine imeshaingia kwenye bahasha. Hii naiandika ili niwe nimesema kweli mahali fulani, hata kama ni ndani ya droo.

Huyo mama ni mimi.

Miaka thelathini nilimshikia baba yako taa kwenye banda lile. Kila spana naijua. Alikuwa akinyoosha mkono bila kunitazama, "Nusu, Ealish," nami nimeshaiweka kiganjani mwake kabla hajafunga mdomo. Kila Juni, yakija mashindano ya pikipiki, nilikata mikate ya watu wa kulinda barabara, nikasimama nyuma ya meza yangu nikisikia pikipiki zikipita nyuma ya ukuta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Ealish, nawe ungependa kupanda?" Na mimi sikusema. Sisi wa kwetu hatuombi. Tunangoja tupewe, na tusipopewa tunasema hatukuwa na haja.

Siku ile nilifungua banda kwa nia safi, niisafishe ipate mnunuzi. Nikaikalia ili nilifikie tangi vizuri. Basi nikakaa pale mpaka chai niliyokwenda nayo ikaota utando.

Naitaka, Orry. Naitaka mpaka naona haya. Lakini ni yako, nawe umesema iuzwe. Mwanamke wa miaka hamsini na saba hamwandikii mtoto aliyemlea barua ya kuomba pikipiki.


Mullet Bay
6 Mei 1964

Shangazi mpendwa,

Ndege ya posta ilitua majini jana, barua yako ikafika imelowa upande wa salamu na kukauka upande wa pikipiki, kwa hiyo nimejua mengi kuhusu kiki na kidogo sana kuhusu paka. Baridi imeanza. Tunachoma udongo mweusi wa kinamasi badala ya kuni jikoni mchana kutwa, na sote tunanuka moshi kama samaki waliokaushwa wa Peel. Mke wa msimamizi amejifungua mtoto wa kike, na kwa kuwa mimi ndiye fundi wa injini hapa, wameniuliza mimi kwa nini analia sana.

Pole kwa kifundo cha mguu. Kigoda kibaya sana hicho.

Sasa huyo mama. Mwambie hivi. Kwenye usukani upande wa kushoto kuna kishikio kidogo cha kupanga cheche. Kabla ya kupiga kiki akirudishe nyuma. Asipofanya hivyo cheche inawahi mno, na teke analipata yeye. Abonyeze kidude cha kabureta mpaka petroli ianze kuchuruzika, asizidishe. Kisha asipige kwa hasira. Akanyage mpaka asikie uzito, arudishe mguu juu, halafu akanyage mara moja kwa mwili wote, kama anayefunga sanduku lililojaa.

Gia yake ni ya mkono, iko ubavuni mwa tangi. Asiitazame. Atazame njia, maana macho yakienda shimoni gurudumu halikawii kufuata. Asivae sketi. Na asijifunze peke yake, nakuomba sana. Illiam aliendesha pikipiki za jeshi wakati wa vita, amwombe.

Halafu, Shangazi, huyo mama ana jina?

Wako,
Orry


Ballavarran
15 Juni 1964

Mwanangu Orry,

Sisi wazima. Mashindano yamekwisha Ijumaa, wageni wamerudi kwao, na kisiwa kimenyamaza hata nasikia saa ya ukutani. Nimekata mikate mpaka kidole kimeota sugu. Watoto wa paka wanne wamepata kwao, wa tano hakuna anayemtaka kwa kuwa ana makengeza, basi nimebaki naye. Mhubiri mpya amefikisha dakika thelathini, anaanza kupendwa.

Anaitwa Bibi Kinvig. Anaishi upande ule wa bondeni, humjui.

Ushauri wako nimemfikishia na ulimfaa sana. Iliwaka kwa kiki ya tatu. Banda zima likajaa moshi na mlio, buibui wote wakahama, na Bibi Kinvig alisimama katikati akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja sahani kanisani.

Illiam alikubali kumfundisha. Alinitazama sana kwanza. Wakaipeleka kwenye shamba la nyasi nyuma ya kinu.

"Achia klachi polepole," Illiam alisema, "kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia."

"Sijawahi kumlaza mtoto ila Orry," nikamwambia, "na yeye nilikuwa namtupa." Yaani Bibi Kinvig ndiye aliyemwambia, kwa namna yake.

"Haya, kama unavyotoa bonnag kwenye jiko isianguke."

Hapo likaeleweka. Pikipiki ikaondoka. Iliondoka kweli, Orry! Kondoo walitawanyika huku na huku, Illiam anakimbia nyuma na kofia mkononi, anapiga kelele, "Breki! Breki, mama, hiyo si pambo!" Lakini breki ndiyo kitu cha mwisho alichokitaka. Alilizunguka shamba mara sita. Alipotaka kusimama, alisimama kwenye ua wa miiba.

"Umeumia?" Illiam akauliza, anahema.

"Nitoe miiba upesi," akasema, "nirudi tena kabla haijapoa."

Ananiambia kwamba alicheka kule shambani kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Mama wa umri ule! Nakueleza haya ili ujue kwamba mnunuzi ana nia ya kweli, lakini bado anajifunza, na si vizuri kumharakisha. Wakati upo tele.

Shangazi yako,
Ealish

Mikwaruzo ya mikononi mwangu, kama Illiam atakuandikia habari zake, ni ya waridi. Nilikuwa nayapunguza matawi.


Mullet Bay
20 Julai 1964

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwenye theluji. Kondoo wamejibanza nyuma ya mawe na sisi tumejibanza nyuma ya jiko. Mtoto wa msimamizi ameacha kulia, na sifa nimepewa mimi. Nimekula nyama ya kondoo siku mia na tisa mfululizo, na huku huiita "mia tatu sitini na tano", maana huliwa kila siku ya mwaka na hakuna kingine.

Nimefurahi kusikia habari za Bibi Kinvig. Nilizisoma mara mbili mbele ya wenzangu chumbani, wakaomba niwasomee mara ya tatu. Pole kwa waridi.

Hata hivyo nina habari. Nimepata mnunuzi. Ni Bwana Septimus Fairbrother wa Liverpool, mkusanyaji wa pikipiki za kale, mtu mwenye uwezo na subira ndogo. Atashuka Douglas kwa meli ya asubuhi, Jumamosi tarehe 26 Septemba, aichukue. Paa lako limekwisha pona.

Isipokuwa jambo moja. Bibi Kinvig ndiye wa kwanza kuitaka, na wa kwanza ana haki. Kama anaitaka hiyo pikipiki, anaandika tu aseme, "Naitaka." Kwa maneno yake mwenyewe. Mimi namwandikia Bwana Fairbrother siku hiyohiyo abaki kwao. Lakini aseme, Shangazi. Kutamani kimoyomoyo hakufiki Falkland.

Wako,
Orry


Ballavarran
29 Agosti 1964

Mpendwa Orry,

Wazima. Paka wazima. Mvua imenyesha.

Habari za Bwana Fairbrother nimezipata. Vizuri. Bibi Kinvig nimemweleza, akasema hana la kusema, mali ni ya mwenyewe na mwenyewe ameshaamua. Yeye si mtu wa kuomba. Hata hivyo barua hii haiwezi kukufikia kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo hakuna haja ya maneno mengi.

Nikuambie tu kwamba alifanya mtihani wa leseni mwezi uliopita, akafeli. Kosa halikuwa lake. Mtahini ni mgeni, ametoka ng'ambo mwezi Mei. Yeye husimama kando ya njia na daftari, mtu anazunguka mtaa, naye anamtazama anavyopita. Sasa katika njia ile ya Ramsey kuna daraja dogo la mawe. Mimi na wewe tunajua ni la nani. Hakuna mtu wa kwetu anayevuka pale bila kuwasalimu Wenyewe, wale wadogo wasioonekana, na aliyewahi kuthubutu tunajua yaliyompata. Basi Bibi Kinvig alipofika akainua mkono wake, akasema, "Habari za mchana, Wenyewe," kama alivyofundishwa na mama yake. Nyuma kulikuwa na gari la mikate. Dereva aliuona mkono, akadhani mama anakata kona, akafunga breki za ghafla, na mikate ikamwagika barabarani.

"Bibi," mtahini akauliza, "pale darajani ulikuwa unamwashiria nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Bwana, wenyewe ni wenyewe."

"Mimi sikuona mtu pale."

"Ndiyo maana tunawasalimu."

Akaandika kwamba ametoa ishara isiyo na maana barabarani. Dereva wa mikate alikuja kumtetea, akaeleza kwamba hata yeye breki zilichelewa kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa unasalimia. Mtahini akamwandika na yeye.

Atarudia mtihani tarehe 17 Septemba. Nilimuuliza ana haja gani ya leseni ikiwa pikipiki inaondoka tarehe 26. Akasema siku tisa ni nyingi.

Wako,
Ealish


Ballavarran
28 Septemba 1964

Orry mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Paka wanakula, goti linaniuma kwa sababu nzuri, nitakueleza.

Tarehe 17 alifaulu. Darajani hakuinua mkono, aliwasalimu kwa mdomo tu, na nilipotupa jicho upande wa mtahini nikamwona na yeye kavua kofia. Dereva wa mikate anasema kwamba tangu Julai mtu yule ameteleza pale mara mbili, na miwani yake moja iko mtoni mpaka leo.

Umeona nilivyoandika? Nimechoka. Hakuna Bibi Kinvig. Ni mimi, Orry, tangu siku ya kwanza. Kigoda ni uongo, waridi ni uongo, nami ni mwalimu wa watoto wa Jumapili miaka ishirini.

Jumamosi niliipiga maji, nikaling'arisha tangi mpaka nikajiona meno. Illiam alitaka kuipeleka kwa gari la mizigo. Nikamwambia, "Kama inaondoka, inaondoka na mimi juu." Niliiendesha mpaka Douglas kupitia njia ya mlimani, peke yangu. Ukungu ulikuwa umeinuka. Kule juu niliona bahari pande zote mbili, injini inaimba chini yangu, nikaimba nayo, na hakuna aliyekuwepo wa kuniambia niteremshe sauti. Maisha yangu yote nimeitazama njia ile kutoka pembeni.

Nikafika gatini nikasimama na pikipiki kando yangu na bonnag ya mgeni mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari za kile kikoki na kumpa mkono kama mtu mzima. Meli ikatia gati, watu wakashuka. Nilimuuliza kila mwanamume mwenye koti zuri. "Samahani, wewe ni Bwana Fairbrother?" Mmoja alisema hapana, lakini kwa ajili ya bonnag angeweza kuwa. Nilisubiri saa tano. Meli ikapiga honi, ikageuka, ikarudi Liverpool, na hakuna mtu aliyekuja.

Basi nikapiga kelele. Ya furaha, Orry, gatini, mchana kweupe, mpaka polisi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Ndipo nikajijua. Nilikuwa najidanganya kwamba nitaitoa bila kunung'unika. Nikala bonnag yote njiani, nikarudi nyumbani.

Neno linalofuata nimeliandika kwenye karatasi nne na zote nimezichana. Naomba. Naomba unipe pikipiki ya baba yako. Si kwa kuwa ni kumbukumbu yake, kumbukumbu zake ninazo za kutosha, nyingine ningependa kuzipunguza. Naitaka kwa sababu naipenda mimi. Ukikataa nitamtafuta huyo Bwana popote alipo na kumpa, wala sitanuna.

Nitanuna kidogo.

Ealish


Mullet Bay
5 Novemba 1964

Shangazi yangu,

Jua limerudi. Tunakula mayai ya pengwini badala ya kondoo, na ukilikaanga yai lile ute wake haugeuki mweupe, linakutazama. Wote wazima. Naruka mengine, maana najua macho yako yameshateremka chini ya ukurasa.

Bwana Septimus Fairbrother hayupo. Nilimbuni mwezi Julai nikiwa nimeweka miguu karibu na jiko, kama wewe ulivyombuni Bibi Kinvig, ila mimi wangu nilimpa na jina la kwanza. Nisamehe kwa saa tano za gatini. Nilihesabu kwamba utaandika kabla. Nilisahau wewe ni nani.

Nimejua tangu barua yako ya Machi. Kikoki kinachogongwa mara mbili kwa kifundo cha kidole, hakuna duniani anayekijua ila Baba, mimi, na wewe uliyekuwa umeshika taa. Mama gani wa kupita njia angekigonga?

Kadi imo ndani ya bahasha hii. Itazame vizuri. Nimeihamishia kwa jina lako na kuisaini, na tarehe iliyopo pale chini ni 6 Mei. Imekaa kwenye mfuko wa koti langu miezi sita, wakati wa theluji na wakati wa jua.

Utaniuliza kwa nini sikuituma siku ileile. Shangazi, umenilea tangu nina miaka minne, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukusikia ukiomba hata chumvi mezani. Kila Jumapili ulikuwa unagawa kuku. Baba paja, mimi paja, wewe unachukua shingo na kusema ndiyo uipendayo. Nilikua nikiamini kabisa kwamba kuna watu wanaopenda shingo ya kuku. Nilikuja kujua huku, nilipoanza kujipikia. Tangu hapo nilitaka, mara moja tu, nikusikie ukisema kwa kinywa chako kwamba unataka kitu. Kwa hiyo nikakaa na kadi mfukoni nikikusubiri.

Kila ndege ya posta iliyotua, wenzangu walikuwa wakiniuliza, "Ameomba?" Nikisema bado, wanarudi kazini wamenyong'onyea. Barua yako ya Septemba niliwasomea nimesimama juu ya meza. Nilipofika kwenye "naomba", kofia zote zilikwenda hewani, na ya mpishi haijapatikana.

Ni yako, Shangazi. Ilikuwa yako wakati ule unatua kwenye miiba.

Kuhusu paa, Illiam ameniandikia kwamba alilitengeneza tangu Agosti. Hilo nalo hukuniambia. Siulizi.

Mwanao,
Orry


Ballavarran
12 Desemba 1964

Orry mwanangu,

Paka wazima, goti zima, mhubiri amefikisha saa nzima na sasa tunataka arudi kwenye dakika kumi na tano.

Kadi imefika wiki iliyopita. Illiam aliileta akasimama mlangoni kama kawaida yake, na safari hii sikumfukuza. Nilimsomea barua yako yote isipokuwa mstari ule wa paa. Nimelia, nikacheka, nikalia tena, chai ikaungua kwenye moto, kama kuna mtu amewahi kuunguza chai. Jina langu limeandikwa pale kwa wino, Ealish Corkill, mwenye chombo. Nimelisoma mara nyingi kuliko ilivyo adabu.

Asante. Nimelisema kwa sauti pia, jikoni, kuelekea upande wa kusini.

Wape salamu wote waliorusha kofia. Ya mpishi nitaifuma mimi, nitumie kipimo cha kichwa chake.

Na lile jambo la kuku. Ni kweli. Siipendi shingo. Sijawahi kuipenda hata siku moja. Jumapili hii nilichinja jogoo, nikamwalika Illiam, nikashika kisu mwenyewe. Nikajiwekea paja. Nilipolimaliza nikachukua na la pili, na Illiam akala shingo.

Shangazi yako,
Ealish